Ngombe za Juu ya Ziwa Léman

Tangu nirudi, parsele yangu ya Ngezi, hapa Bunia, haina tena amani. Kila siku ya Mungu watu wakitoka kanisani wanapitia kwangu, wanavuta viti, wanasema: "Baba Furaha, tuelezee Ulaya." Nimeeleza mupaka sauti imekauka. Na Kambale, jirani yangu muuza bati, mwenye alihama Butembo akakuja kukaa hapa, anasema kila nikieleza naongeza kitu. Basi nimenunua kayé, nimeandika yote mara moja. Mwenye anataka, asome.

Mimi nilisoma mupaka quatrième primaire tu. Yenye ilibaki, baisikeli na bidon ya maziwa ndivyo vilinifundisha. Leo ile bidon moja imezaa depo, frigo mbili kubwa na Fuso, na maziwa yenye munakunywa asubuhi hapa Bunia, wengi wenu, imepita mu mikono yangu. Mambo ya makaratasi sitaandika. Makaratasi inachosha, na ilishapita.

Sababu ya safari ilikuwa moja. Mutoto wangu Furaha anatunza wagonjwa kule Uswisi, mu muji ya Montreux, na kule amepata muchumba, kijana mumoja anaitwa Matayo. Baba ya Matayo anafuga ngombe juu ya mulima. Mimi nilikubali haraka. Mwenye alikataa ni Muzee, baba yangu mwenye alinizaa. Tulimutoa kijijini kwetu Boga, sasa anakaa kwangu, lakini ngombe zake zilibaki kule kwa wadogo zake. Ngombe zile, hata mimi mutoto wake wa kwanza, hajawahi kuniambia ni ngapi. Na Furaha aliniambia mu telefone, bila kulia, na ile ndiyo iliniogopesha: "Papa, kama babu hasemi ndiyo, sifungi ndoa."

Muzee aliniita, akaweka mbele yangu kibuyu cha maziwa, kile cha mama yangu, chenye kilifukizwa moshi ya majani miaka mingi mupaka kikawa cheusi.

"Muzungu anaweza kuwa na nyumba ya ghorofa," akasema. "Ile hainihusu. Mimi nataka kujua kama ni mutu wa ngombe. Enda. Umupe kibuyu hiki. Kisha umuulize ngombe zake ni ngapi, uniletee jibu sawa vile atasema. Usiongeze. Najua weye."

Nilishangaa. Kwetu Boga hauulizi mutu ngombe zake ni ngapi, na hauzinyoshei kidole, inaleta mukosi. Nikafikiri: Muzee amezeeka, sasa anakuwa mutu wa kisasa, anataka kujua mujukuu anaingia mu utajiri gani. Nikaona ni vizuri.

Kambale alikuwa pale. Akasema: "Utafika Entebbe, utaona avion, tumbo itakuuma. Utarudi na samaki wa Kasenyi useme ni wa Ulaya."

Kushuka Kasenyi na kuvuka ziwa yetu

Ningeweza kupanda avion hapa hapa Bunia. Nilichagua barabara, juu nilikuwa na deni ya fromaji, jibini ya mikono yangu, ya kupeleka mwenyewe kwa mutu wa Kasenyi, na mimi siachi kazi hata kama naenda Ulaya. Wenye hamujui barabara ile, mujue hivi: unatembea mu majani ya juu, ngombe huku na huku, kisha mara moja dunia inakatika. Chini kabisa unaona ziwa Albert. Kila mara nikifika pale nasimamisha gari. Shofa wangu alizoea, anazima motere bila kuambiwa.

Mutumbwi ya motere ilikuwa inaondoka saa mbili. Iliondoka saa nane. Mama mumoja wa samaki kavu alikataa kupanda kama mizigo yake haipandi yote, na mwenye mutumbwi alikataa mizigo yote kama mama haipunguzi. Tulikaa pale tunakula bugali na samaki, tunawasikiliza. Mwisho mama alishinda. Katikati ya ziwa motere ikakufa, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kucheka. Akaangalia kibuyu mu magoti yangu.

"Baba, iko na nini ndani?"

"Hakuna kitu."

"Unavusha kibuyu bure?"

"Nakipeleka Ulaya."

Mutumbwi muzima ukacheka. "Kule wamekosa plastiki?" akauliza. Nikamujibu kwamba plastiki haina harufu ya mama ya mutu. Akafungua mufuko akanipa samaki mumoja kavu, akasema ni ya njia. Wavulana walitengeneza motere, tukafika ngambo ya Uganda na nguo yenye kulowana mupaka kwenye mukaba. Kibuyu kilikuwa kikavu. Nilikuwa nimekishika juu ya kichwa.

Kutoka pale mupaka Entebbe ni basi, matoke, na mutu mumoja alilala mu bega yangu muda murefu kuliko bibi yangu. Na Kambale asikie vizuri: avion niliiona, nikaipanda, tumbo haikuuma. Juu mawinguni walitupa siagi ndogo sawa tembre ya barua. Nilimuita mwanamuke wa avion nikamuuliza nani anawatengenezea, juu chumvi ilizidi. Hakujua. Mimi ningejua.

Paris, mulango yenye haikuwako

Tulibadilisha avion Addis, nikafika Paris asubuhi. Pale ilibaki avion ndogo ya mwisho, ya kwenda Genève mu Uswisi. Nilimuonyesha kijana wa biro tiketi yangu, nikamuuliza mu Kifaransa changu, chenye si kibaya, mulango ni numero ngapi. Akasema haraka haraka: "Soixante-dix-sept."

Siye hapa Bunia, tangu shule mupaka soko, saba-makumi ni septante, tisa-makumi ni nonante. Mutu akisema soixante, ni makumi sita, imekwisha. Basi mimi nilisikia numero mbili: soixante, halafu dix-sept, kumi na saba. Nikafikiri, hawa ni watu wa akili, wanakupa mulango ya kwanza, na ingine ya akiba kama ya kwanza ikiharibika. Nikaenda mu soixante. Nikakaa vizuri, veste yangu na kibuyu, na watu wengi warefu wenye nywele ya manjano. Nikafurahi: hawa ndio Waswisi. Walikuwa wanaenda Norvège, inchi ingine kabisa. Wakati nilijua, nilikimbia mupaka mulango ya dix-sept, kule mwisho wa dunia. Pale hapakuwa hata mutu.

Nikauliza musichana mu komputere. Akaniambia avion ya Genève ilitokea mu soixante-dix-sept, na ilikwisha ondoka.

"Hiyo ni septante-sept?" nikamuuliza.

Akacheka kidogo. "Muzee, septante? Hapa hakuna mutu anasema vile."

Sikuona haya. Niliona hasira, ni kitu ingine. Wakaniandikia avion ya kesho yake. Nilikuwa nimekaa nikiangalia samaki kavu, sijui kama ninaweza kula pale, wakati mama mumoja wa kusafisha alipita na mufagio, akasimama. Alisikia harufu.

"Papa, ile samaki imetoka kwetu. Uko wa wapi?"

"Bunia."

"Mimi ni wa Kisangani." Akakaa kando yangu bila kuuliza. Nilimueleza yote. Alicheka mupaka akaweka mufagio chini.

"Papa, hapa wanasema makumi sita na kumi na saba. Ndiyo saba-makumi na saba yao."

"Na nonante-neuf wanasemaje?"

"Makumi mbili mara ine, na kumi na tisa."

Nikahesabu mu kichwa. "Na mutu anauza maziwa namna gani na hesabu ile?"

"Ndiyo maana iko ghali," akasema.

Tulikula samaki na mukate wake, siye wawili, mupaka mukubwa wake akamuita. Jina lake sikuuliza, na nasikitika. Lakini siku moja ilikuwa imepotea, na Furaha aliniambia mu telefone kitu chenye kilinikata: siku ya tatu kutoka pale, ngombe za mulima zote zinashuka bondeni kwa sababu ya baridi. Nikikawia tena, nitakuta majani tu. Na Muzee hakunituma kwenda kuangalia majani.

Gari ya meno

Furaha alinipokea Genève. Alikuwa amekonda, lakini macho ilikuwa yake. Alichukua kibuyu kabla ya kuchukua valizi yangu ya nguo, akanusa, akafunga macho. Matayo alikuwa nyuma yake, murefu, mikono yake iko na ngozi ngumu. Niliangalia ile mikono kwanza. Akaniamkia, akasema maneno mawili ya Kiswahili yenye alifundishwa, "Shikamoo, baba," yenye siye hapa hatusemi sana, lakini niliipokea.

Kesho yake asubuhi tukapanda mulima. Jina lake ni Rochers-de-Naye, na iko juu kabisa ya ziwa Léman. Kuna gari ya moshi ndogo, chini yake kuko gurudumu ya meno, inauma chuma katikati ya reli, inapanda bila kuteleza. Mimi nimesukuma baisikeli na bidon mbili kwenye udongo mwekundu wa mvua, naijua bei ya kupanda. Nilisimama njia nzima nisikilize yale meno inauma. Muzungu mumoja akanionyesha kiti. Nikamuambia mutu hakai wakati mashine inafanya kazi nzuri vile.

Juu kulikuwa baridi ya kukata masikio. Nilikuwa mu veste yangu ya harusi na viatu vya kungaa, Furaha alinibembeleza nivae koti ya Matayo, nikakataa mara mbili, ya tatu nikavaa. Nyuma ya mawe theluji ilikuwa imebaki kidogo. Watu wanaipiga picha. Mimi nilichukua, nikaweka mu kinywa, nikasema: "Hii najua. Ni ile yenye nakwangua mu frigo yangu kila mwezi." Matayo alicheka mupaka akakaa.

Kisha nilifika mu ukingo, nikasimama. Dunia ilikuwa imekatika mbele yangu, na chini kabisa ziwa ilikuwa imelala sawa bati mupya, haina hata musumari. Ngambo ya pili, milima myeupe. Rafiki zangu, musiseme naongeza. Ilikuwa ile ile pahali shofa wangu anazima motere. Nikageuka kama mutu anatafuta gari yake. Furaha akanishika mukono.

"Papa, nilipofika hapa mara ya kwanza nilifikiri nitaona Kasenyi chini."

Akanifunga koti ya Matayo mupaka shingoni.

Kwa Papa Anselme

Tulishuka kwa miguu mupaka nyumba ya mbao. Kabla ya kuona ngombe nilizisikia, kila moja na kengele kubwa kwenye shingo, sauti tofauti tofauti. Ni nyekundu na nyeupe, zina mifupa mizuri, na matiti yenye ilinifanya nifikirie upya maisha yangu. Papa Anselme, baba ya Matayo, bokilo wangu, ni kusema mukwe mwenzangu, alikuwa mulangoni. Mufupi, mashavu nyekundu, hasemi sana. Alinipa mukono mumoja muzito, akatuingiza.

Walipika fromaji mu chungu moja na mukate ya kuchovya, wote mu chungu ile ile. Nilifurahi, juu nilikuwa naogopa kila mutu na sahani yake. Nilimuambia fromaji yake ni nzuri lakini nikaona kuko namna ya kuifanya ikae zaidi. Akaniangalia muda murefu, akauliza namna gani. Tukaongea ile saa nzima, moto, chumvi, muda wa kuganda. Sikumukuta mahali hata pamoja hajui. Yeye pia hakunikuta.

Kisha nikamuuliza miaka yake.

"Septante-neuf," akasema.

Nikaweka mukate chini. "Rudia."

"Septante-neuf. Kwa nini?"

Nikasimama, nikazunguka meza, nikamupa mukono tena, mikono yote miwili. "Na tisa-makumi munasema nini hapa?"

"Nonante. Tungesema nini ingine?"

Furaha akamueleza mambo ya Paris. Muzee yule alicheka bila sauti, mabega tu inapanda na kushuka, akasema: "Hata mimi nilipotea pale siku moja." Tangu saa ile nilimuita ndugu.

Basi nikaona wakati umefika. Nikatoa kibuyu, nikasema kimetoka kwa baba yangu. Sikumuambia kitu ingine. Aliondoa kifuniko. Hakuangalia ndani. Alinusa kwanza, polepole, sawa vile wazee wetu wanafanya, kisha akasema: "Moshi. Moshi na maziwa ya zamani." Akakishika mu magoti yake, akakaa nacho.

"Ndugu," nikasema, "baba yangu anauliza: ngombe zako ni ngapi?"

Akaacha kucheka. Akaangalia dirisha. "Njoo nikuonyeshe," akasema.

Tulitoka mu majani. Alikuwa na mufuko wa ngozi mu kiuno, ndani yake chumvi. Akaita, sauti ndefu yenye inavunjika mwishoni, na ngombe zikageuka, zikaanza kupanda kwetu. Kila moja ikifika alisema jina lake, akaipa chumvi kidogo mu kiganja. Hii ni mutoto wa ile. Hii ilivunjika muguu siku ya mvua. Hii ni muongo, usimupe mugongo. Nikangoja amalize, nikauliza mara ya pili: "Zote pamoja ni ngapi?"

"Zote zinanijua," akasema, na akaendelea.

Mara ya tatu nilimuuliza Matayo pembeni. Akakwaruza kichwa. "Baba, mu biro ya serikali kuko karatasi, wanajua. Lakini Papa mwenyewe hasemi. Hata babu hakusema. Ukimusukuma atanuna mupaka kesho."

Nikaanza kuzihesabu mimi mwenyewe, kwa macho tu. Nilifika pahali, nikaacha. Kichwa yangu ilikataa. Nilikuwa nasikia fimbo ya Muzee kwenye miguu yangu ya utoto, siku nilihesabu zake.

Wakati wa kuondoka Papa Anselme alinirudishia kibuyu. Roho ikaanguka, nikafikiri amekikataa. Akasema maziwa haitafika Bunia, lakini yeye hawezi kurudisha chombo kitupu, atapata aibu. Kikimaliza kazi yake kwetu, tutamurudishia siku ya harusi. Ndani alikuwa ameweka chumvi, imefungwa mu kitambaa.

Kurudi

Njia ya kurudi sikuona hata matoke. Nilikuwa na kitu kimoja mu kichwa: nimetumwa kuleta jibu, naenda bila jibu. Mimi, mwenye sijawahi kurudi soko mikono mitupu.

Kambale alinipokea barabarani, mbele ya parsele. Nilimueleza haraka haraka.

"Sema septante," akasema. "Ni neno yenye munapendana nayo. Nani atapanda kule kuhesabu?"

Nasema kweli, niliipima ile neno. Septante. Ilikaa vizuri mu kinywa. Furaha angefunga ndoa, Muzee angefurahi, na mimi ningekuwa mutu alileta kitu. Nikaingia.

Muzee alikuwa amekaa juu ya mukeka, nyuma ya nyumba. Nikaweka kibuyu mbele yake. Alifungua kitambaa, akaweka chumvi kidogo mu ulimi.

"Ya ngombe," akasema.

"Ya ngombe, Baba. Anaibeba mu kiuno."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Alisema ni ngapi?"

Kambale alikuwa nyuma yangu, nasikia anavuta pumzi. Nikaangalia chini.

"Baba, hakuniambia. Nilimuuliza mara mbili, na mutoto wake mara moja. Alisema, njoo nikuonyeshe. Kisha akasema, zote zinanijua. Nilishindwa."

Muzee alichukua chumvi ingine, akailamba, akafunga kitambaa vizuri, akakirudisha mu kibuyu. Niliona midomo yake inacheza.

"Kama angekuambia," akasema, "mujukuu wangu angerudi nyumbani."

Nikakaa chini pale mu vumbi, na suruali yangu ya safari.

"Piga telefone," akasema. "Muambie Furaha babu yake ametoa ngombe zake za harusi. Nazimupa bokilo wetu, baba ya Matayo."

Ni hapo uzoefu wa biashara ukanishinda, nikauliza: "Ngombe ngapi, Baba?"

Muzee akatafuta fimbo yake kwa mukono, akaikuta, hakunipiga.

"Zinatosha harusi," akasema.